Nyama ya Pembeni Tuliyoitupa

Chupa ilikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya chupa nyingine, na kifuniko chake kilikuwa kimegandamana kwa fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, iliyokauka. Nilikifungua kwa kitambaa. Lebo ilikuwa na jina langu, lile la kwenye kitambulisho ambalo kazini hakuna mtu aliyewahi kuniita. Nikamwaga fomalini kwenye sinki, nikageuzia kile kitu kwenye sahani ya chuma, nikaketi sakafuni na glavu zangu mikononi.

Ulikuwa uvimbe wangu, ule wa titi la kushoto, uliotolewa miaka miwili kabla ya siku hiyo. Ulikuwa umemenywa kama kiazi. Hapakuwa na mafuta wala nyama yoyote ya pembeni, hata kipande cha kushikia kwa koleo. Na ule ukataji niliujua. Kisu kinaanzia juu, kinazunguka kuelekea kushoto, kisha kinamalizia kwa mikato mitatu mifupi chini. Mimi ndiye niliyeanzisha ukataji huo katika hospitali yetu, na nilimfundisha mtu mmoja tu.

Daktari Ndirangu, ambaye kazi yake ni kupima nyama zinazotolewa kwa wagonjwa, alikuwa amesimama mlangoni akingoja.

"Mama Wambui, umeanguka?"

"Sijaanguka, daktari. Nimekaa."

"Sawa. Pembeni iko wapi?"

"Hakuna pembeni."

Alikuja akainama, akatazama ile sahani, kisha akanitazama mimi. Nikaona amefahamu, na kwamba hakutaka kuwa mtu wa kwanza kulisema.

Ninawaandikia nyinyi mnaoanza kazi ya thieta na ya maabara. Nimestaafu mwezi uliopita, kabla ya umri, kwa sababu mkono wangu wa kushoto umevimba na hauinuki kupita bega. Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hivyo mkiona kosa sahihisheni kimoyomoyo mwendelee. Vyeo sikupata vya kuandika, na mshahara wetu mnaujua. Hospitali sitaitaja, kwa maana jengo halikunikata. Watu nitawataja.

Nilizaliwa Kiganjo, na nililelewa na mjomba aliyekuwa na bucha karibu na steji. Nilijua kutenganisha mafuta na nyama kabla sijajua kusoma saa. Sikujua kwamba siku moja hilo litakuwa jambo baya kulijua.

Siku yangu ya kwanza hospitali nilipewa gambuti za mwanamume na kitambaa cha sakafu, nikaambiwa nisiguse kitu chochote cha kijani. Kila kitu thieta kilikuwa cha kijani. Sista Beatrice, aliyekuwa mkubwa wa thieta, alinionyesha mahali pa kusimama, nami nikasimama hapo hapo mpaka saa saba mchana, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke. Alinipenda kwa hilo. Alisema nina utulivu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu na gambuti zilikuwa zimenishinda kutembea.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu, kitu kilichotolewa kwa mgonjwa huonyeshwa jamaa zake. Bado mnafanya hivyo. Watu wametoka shambani alfajiri, wamekaa kwenye benchi nje ya thieta na chai ya chupa, na daktari akitoka mikono mitupu akasema "tumemaliza", hawaamini. Wanataka kuona. Mimi silaumu watu wa benchi. Hata mimi ningetaka kuona.

Wiki yangu ya pili, Daktari Gachanja alitoa uvimbe kwenye titi la mama mmoja. Aliutoa pamoja na mafuta yake na nyama ya pembeni, kama inavyotakiwa. Nawaambia wazi: siku hiyo Gachanja alikata vizuri. Akatoka na bakuli la chuma. Mume wa yule mama alichungulia, na kwa bahati mbaya alikuwa mtu mwenye bucha.

"Daktari, ugonjwa ni gani hapa? Mimi naona mafuta tu."

"Iko ndani ya mafuta, mzee."

"Ndani wapi? Ati umenikatia bibi mafuta?"

Benchi zima likacheka. Gachanja akarudi ndani. Akaliweka bakuli mezani kwa kishindo.

"Beatrice, kutoka leo hii kitu isafishwe kabla itoke nje. Watu waone uvimbe, si supu."

Sista Beatrice akaangalia huku na huku. Wauguzi walikuwa na kazi. Akaniona mimi na kitambaa changu.

"Wewe si ni wa bucha? Shika kisu."

Hivyo ndivyo nilivyoacha kuosha sakafu. Nilimenya uvimbe ule ukabaki mweupe na mgumu, wa mviringo, nikauosha kwa maji ya bomba, na Gachanja akatoka nao mara ya pili. Safari hii yule mume alivua kofia. Gachanja akarudi anatabasamu. Tangu siku hiyo, kila uvimbe uliotoka kwenye meza yake ulipitia mkono wangu. Ukishaonyeshwa benchi uliingia kwenye chupa ndogo kwenda maabara. Zile nyama za pembeni niliziweka mfuko mwekundu, zikaenda kuchomwa.

Nilikuwa fundi. Siwezi kuwaficha kwamba nilijivunia. Jamaa za wagonjwa walinishukuru mimi, mwanamke wa darasa la saba, kwa vile kitu kilikuwa safi. Njoki alipoajiriwa, binti mpole kutoka upande wa Karatina, Sista aliniambia nimfundishe. "Zunguka na kisu kuelekea kushoto," nilimwambia. "Usikwaruze, utaonekana umeng'ang'ana. Malizia chini mara tatu." Alijifunza kwa siku mbili. Ana mkono mzuri kuliko wangu.

Baadaye msaidizi wa maabara alistaafu, nikahamishwa huko. Huko ndiko nilikojifunza kazi yenyewe, na nitaieleza kidogo kwa sababu naipenda hata sasa.

Nyama ikifika inakatwa vipande vidogo, inawekwa kwenye vikaseti vya plastiki, inapitishwa kwenye dawa za kukausha maji, kisha inamwagiwa nta ya moto. Nta ikiganda unapata kijiwe. Kijiwe hicho unakifunga kwenye mashine yenye wembe, unazungusha gurudumu, na nyama inatoka nyembamba mno, utepe unaotikisika ukipumua. Unauelekeza kwenye maji ya vuguvugu unajikunjua, halafu unauchota kwa kioo. Mwezi wa saba, Nyeri ikiwa na ile baridi ya ukungu isiyoondoka mpaka saa nane, nta inakuwa ngumu na utepe unavunjika vunjika. Dawa yake ni kukipumulia kijiwe, pumzi moja ndefu ya mdomo wazi, kisha kuzungusha gurudumu kabla hakijapoa. Mashine mpya inakuja na kitabu kinene na hicho hakimo humo. Daktari Ndirangu alinifundisha hivyo. Alikuwa mtu mfupi, sweta moja, na alikuwa anakula ndizi mbivu saa nne kila siku akiwa amelipa kisogo jokofu la vijiwe, kana kwamba linaweza kumnyang'anya.

Siku moja, baada ya miezi mingi ya kumkatia vioo, aliniita kwenye hadubini, ndizi yake mkononi.

"Mama Wambui, wewe unakata kila siku na hujawahi kuona unakata nini. Kuja hapa. Unaona nini?"

"Zambarau nyingi."

"Hiyo ndiyo kansa. Sasa sogeza. Usikae kwa zambarau, kila mtu anakaa kwa zambarau. Enda ukingoni."

Kioo hicho kilikuwa cha mgonjwa wa hospitali nyingine, kilicholetwa na boda boda, na nyama yake ilikuwa nzima na pembeni zake. Nikasogeza. Zambarau ikaisha, kikaja kitu cha rangi ya waridi, nyuzi nyuzi kama katani iliyosokotwa. Kati ya zile nyuzi kulikuwa na nukta ndogo nyeusi, nyingi, zimejipanga.

"Hizo nukta ni askari wa mwili," alisema. "Kazi yao ni kuua hiyo zambarau."

"Mbona wamesimama nje?"

Akacheka mpaka akaondoa miwani. "Hilo ndilo swali watu wanasoma miaka mingi ndiyo waulize. Wewe si ni wa Kiganjo? Umeona makurutu wa chuo cha polisi wakipangwa uwanjani? Wako na viatu, wako na nguvu, lakini mtu hajapiga filimbi. Uvimbe unajua kuwaambia, ngojeni hapo, hakuna kesi hapa."

"Na wanaamini?"

"Kwa huyu mgonjwa, wameamini. Kwa mwingine utawakuta wameingia ndani kabisa, wanapigana. Huyo wa pili mara nyingi anaenda vizuri. Na hizi nyuzi za waridi, unaona vile zimekaza? Hapo kuna mshipa mdogo wa damu umefinywa mpaka umekuwa kama mstari. Dawa ya kansa inakuja kwa damu. Sasa niambie, dawa itapita wapi?"

Nikaendelea kutazama. Akanionyesha mishipa mingine ambayo uvimbe wenyewe ulikuwa umeivuta ije kuulisha, mipana, imepindapinda, inavuja. Akanionyesha kijia chembamba kilichotoka kwenye uvimbe na punje tatu za zambarau ndani yake, zikisafiri. "Uvimbe hauishi peke yake," alisema. "Hawa wa pembeni wengine wanaulisha, wengine wanauficha, wengine wanapigana nao. Ukiniletea uvimbe bila pembeni, umeniletea mwizi ukaniambia nikisie nyumba aliyotoka."

Nikaondoa jicho kwenye hadubini.

"Daktari. Na hizi tunaletewa kutoka thieta yetu? Zile za mviringo?"

"Hizo?" Akakunja uso. "Hizo Gachanja anazikwangua vibaya. Kila mara naandika kwa ripoti kwamba mpaka hauwezi kusemwa, yaani hatujui kama kansa imebaki mwilini, na yeye haachi. Nimechoka na yeye."

"Si Gachanja."

"Ati?"

"Gachanja anakata na pembeni yake. Ni mimi nilikuwa natoa. Tunasafisha. Kwa sababu ya watu wa benchi."

Aliweka ndizi yake chini. Ilikuwa bado haijaisha.

"Mnasafisha."

"Tunaosha na maji pia."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze thieta."

Akazima taa ya hadubini. Kisha akasema, bila hasira, na ndiyo sababu bado yananiuma: "Mama Wambui, nimekuwa nikisoma barua ambazo mtu amekata nusu ya kila ukurasa. Na mimi nikamlaumu mwandishi."

Aliandika barua siku hiyo hiyo. Niliisoma kwa sababu niliibeba mwenyewe. Ilisema nyama yote iliyokatwa iletwe nzima, isioshwe, ifungwe uzi upande wa juu ili maabara ijue juu ni wapi, na iwekwe kwenye chupa kubwa yenye fomalini ya kuifunika. Mwisho aliandika: jamaa waonyesheni mkipenda, lakini kisu kisiguse. Sista Beatrice aliipokea, akatia sahihi kwenye kitabu cha barua. Sahihi hiyo ipo. Nimeiona tena juzi.

Wiki mbili nyama zilikuja nzima. Ndirangu alikuwa anaimba. Wiki ya tatu zikarudi za mviringo.

Nikaenda thieta. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la mbolea na ratiba ya zamu. Barua haikuwapo.

"Sista, ile barua?"

"Iko kwa faili."

"Si ilikuwa ikae ukutani?"

"Atiriri, Mama Wambui! Umekaa maabara siku mbili na umekuwa daktari? Gachanja amesema watu wa benchi wamelalamika. Wameanza kusema tunawaonyesha mafuta ya ng'ombe."

Njoki alicheka kwa nyuma, si kwa ubaya, kwa vile Sista alikuwa amecheka. Nikamfuata hadi kwenye sinki. "Njoki, acha kumenya. Nilikufundisha vibaya." Akanijibu akiendelea kuosha kisu: "Nikiacha Sista ataniuliza. Na wewe hutakuwa hapa." Ndirangu alipompigia Gachanja simu, alijibiwa kwamba Gachanja anatibu watu naye Ndirangu anatibu vioo. Ndirangu akarudi kuandika mstari wake kwenye kila ripoti: mpaka hauwezi kusemwa. Aliuandika mpaka kalamu ikauzoea. Na yeye nitamlaumu hapo, ingawa ni mwalimu wangu. Angepiga kelele zaidi.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Sagana, anayekaanga samaki karibu na njia panda. Alikuja kwenye dirisha la maabara na ripoti yake ya zamani ndani ya mfuko wa unga. Uvimbe ulikuwa umerudi, mkubwa kuliko wa kwanza, umeshika hadi mbavuni.

"Waliniambia imeisha," alisema. "Bwana yangu aliiona kwa macho yake, kwa bakuli. Ilikuwa safi. Sasa hii nyingine imetoka wapi?"

Ndirangu alitafuta kijiwe cha yule mama, nikakata vioo vipya, akatazama kila kimoja. Zambarau mpaka ukingoni, kisha hewa. Akamwambia ukweli nusu: kwamba nyama ya pembeni haikuletwa, kwa hivyo hakuna mtu aliyejua kama ugonjwa ulikuwa umebaki.

"Nani hakuileta?" mama akauliza.

Ndirangu akanitazama. Mimi nikamletea yule mama kiti na kikombe cha chai. Nilimjua aliyemenya, kwa kuwa uvimbe wake ulikuwa wa miaka yangu ya thieta. Nilimpa chai. Akanishukuru akaondoka, na sikumwona tena.

Mwaka uliofuata nikapata wangu. Niliugusa nikioga, mgumu, haukimbii chini ya kidole. Nilijua ni nini kabla ya sindano kusema. Ningeweza kwenda mji mwingine, watu wananiuliza mpaka leo kwa nini sikwenda. Nilikuwa kwetu. Nilidhani mtu akifanya kazi mahali miaka yote hiyo, ana haki ya kuomba kitu kimoja.

Nikakiomba. Siku moja kabla ya kukatwa nilimwendea Gachanja, Sista akiwa hapo, Njoki akiwa hapo.

"Daktari, naomba yangu isisafishwe. Ipelekwe vile imetoka."

"Mama Wambui! Wewe ni wetu. Tutakufanyia vizuri kabisa."

"Si vizuri nataka. Nataka nzima."

"Nimesikia, mama. Nimesikia."

Njoki alitikisa kichwa kwamba amesikia. Nikalala mezani nikiwa na amani, na hiyo amani ndiyo inayonichoma zaidi ya kisu.

Wiki hiyo Ndirangu alikuwa likizo, na ripoti yangu iliandikwa na daktari wa kushikilia. Aliandika mstari ule ule. Gachanja alikuwa na karatasi hiyo mkononi aliponiambia, "Imetoka yote, Mama Wambui. Utameza vidonge, nenda nyumbani." Hakusema habari za mionzi. Sikuomba kuiona ripoti. Ningeombaje? Nilikuwa nimeomba nzima, nikaambiwa nimesikiwa. Ndirangu aliporudi nilimwambia imetoka yote, na yeye akafurahi, akaninunulia ndizi.

Miaka miwili baadaye nikagusa kitu kama punje ya mchele kando ya kovu. Ndirangu akasema, "Lete chupa yako ya kwanza, tutazame pembeni upya." Sheria inasema chupa zikae wiki chache zitupwe, lakini tanuri letu la kuchomea linakuwa bovu kuliko linavyokuwa zima, kwa hivyo mifuko myekundu huchomwa kwanza na chupa za miaka zipo. Mmeshajua nilichokuta.

Nilitibiwa mji mwingine na watu wengine. Nilipewa dawa ya mshipani kwanza ili uvimbe upungue, ukapungua kidogo sana. Nikakatwa titi lote na kwapa. Safari hiyo niliomba nyama iletwe maabara yetu, ikafika nzima, na uzi juu, na Ndirangu akaipaka ukingoni wino wa kuonyesha mpaka, kwa mkono wake. Nilipoweza kusimama nilikwenda nikamwambia anionyeshe.

"Una uhakika?"

"Nimeona za watu wote."

Nilitazama. Ilikuwa nyama yangu na ilikuwa nzuri kutazama, Mungu anisamehe. Nyuzi za waridi nene, zimekaza kama kamba ya kufunga mzigo. Ndani yake vijumba vya zambarau vikiwa hai, havikusikia dawa. Nje, nukta nyeusi zimejipanga, zinangoja. Na kijia chembamba kikitoka, kikienda mbali, mbali sana kuelekea upande wa kovu la zamani.

"Hiki kijia kilikuwa hapo mara ya kwanza?"

"Siwezi kusema."

"Daktari."

"Labda kilikuwa. Ningeona pembeni ya kwanza ningekujibu, na kama kilikuwa, ungeongezewa kukatwa na ungepelekwa mionzi wakati ule. Sasa sina cha kuona, Mama Wambui. Hiyo pembeni ilichomwa."

"Na dawa ilishindwa na hizi nyuzi?"

"Nafikiri zilisaidia kuizuia. Si hizo peke yake. Sitakuapia."

Nikapewa mionzi na dawa ya aina nyingine. Niko hai. Vipimo vya mwisho havikuonyesha kitu. Lakini kuna jibu moja ambalo lilikuwa mwilini mwangu, likatolewa salama, likawa kwenye bakuli, na mtu akalikata akalitia mfuko mwekundu ili dada yangu na binti yangu waone kitu cha mviringo.

Nilikwenda kuuliza. Njoki nilimkuta chumba cha mashuka. Alianza kulia kabla sijafungua mdomo.

"Nilisema wewe umekataa isafishwe. Sista akasema jamaa yako wako benchi, ati wataona haya. Ati jamaa za mfanyakazi wetu waonyeshwe kitu chafu? Ulinifundisha wewe, Mama Wambui. Mimi nilifanya vile ulinifundisha."

Ni kweli.

Sista Beatrice, ambaye sasa ni mkubwa wa wauguzi wote, alisema hakumbuki barua yoyote. Nikamfungulia kitabu cha barua, nikaweka kidole kwenye sahihi. Akasema, "Hiyo ni kupokea. Kupokea si kusoma." Nimeandika maneno yake kama alivyosema.

Gachanja alinikaribisha vizuri. Akaniuliza mkono unaendeleaje. Nilipomwambia kilichonileta alisema, "Mama, uvimbe wako ulitoka hivyo wenyewe. Mwingine hutoka kama yai, hauna cha kusafisha." Basi nikamwita binti yangu Wambui aliyekuwa kwenye korido. Siku ile nilipokatwa mara ya kwanza alikuwa kwenye benchi na alipiga video ili aionyeshe shangazi zake. Akaiweka simu mezani. Bakuli linaonekana, glavu za Gachanja zinaonekana, na sauti ni yake: "Tumewasafishia ndiyo muone vizuri. Imetoka yote."

Aliitazama mpaka mwisho. Wambui akamwambia, "Daktari, nikuwekee tena?" Gachanja akasema ana mgonjwa, akatoka.

Vijana wangu, kila mgonjwa aliyekatwa yuko kwenye kitabu cha thieta: jina lake, kijiji chake, kilichotolewa. Vitabu hivyo viko kwenye kabati la chuma na ufunguo anao Beatrice. Ripoti zenye ule mstari ziko maabara, na Ndirangu amekubali kuzitoa. Ukiweka kitabu na ripoti pamoja, una majina ya watu wa Sagana, Karatina, Othaya, Mweiga, walioambiwa imetoka yote na hakuna aliyejua. Wengine wanachuma chai leo. Wengine wana punje ya mchele kando ya kovu na wanaiita mshipa. Bado wanaweza kuitwa, wakatazamwa, wakapelekwa mionzi mapema kuliko mimi.

Kwa hivyo nauliza kwa majina. Daktari Gachanja, uliisoma ripoti yangu na ukaniambia jambo lingine. Ni kwa wangapi ulifanya hivyo? Sista Beatrice, utafungua kabati lini? Nimemwandikia mkuu wa hospitali mara mbili, na mara mbili nimeambiwa jambo linashughulikiwa. Majina ya miaka ya mwanzo ni ya kisu changu, na niko tayari kukaa mbele ya kila mmoja wao nimwambie hivyo, nianze na watoto wa yule mama wa samaki, maana yeye hayupo tena. Lakini simu ya kuwaita haiwezi kutoka kwangu, mimi si mtu wa hospitali tena. Itatoka kwa nani kati yenu, na itatoka siku gani?